Kulipa Kilichokwisha Kuliwa: Madai ya Mafao Yaliyozidi Nchini Marekani

Barua ya madai ambayo Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani humtumia mtu anayeishi kwa mafao huwa na mambo matatu yanayoeleweka mara moja: kiasi ambacho mpokeaji anaambiwa alilipwa kupita stahili yake, tarehe ambayo makato yataanza, na njia ya kulipa kwa yule anayeweza kulipa kwa mkupuo. Jambo la nne, yaani namna deni hilo lilivyopatikana na sababu ya kutoonekana mapema, mara nyingi huelezwa kwa ufupi kiasi kwamba hata mwanasheria hulazimika kuomba jalada zima la malipo kabla ya kujua kama hesabu ni sahihi.

Fedha zinazodaiwa, kwa kawaida, hazipo tena. Zilikwisha kwenye kodi ya nyumba, dawa, umeme na chakula, katika miezi au miaka ambayo mpokeaji aliamini kwa nia njema kwamba alichokuwa akilipwa ni haki yake, kwa kuwa ofisi yenye hesabu zote ndiyo iliyokuwa ikilipa.

Ukubwa wa tatizo hilo ulibishaniwa hadi bungeni. Oktoba 2023, Kilolo Kijakazi, ambaye wakati huo alikuwa Kaimu Kamishna wa mamlaka, aliiambia kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi kwamba watu wapatao milioni 1 kwa mwaka ndio waliokutwa na malipo yaliyozidi. Lakini nyaraka za mamlaka yenyewe, zilizopatikana baadaye na waandishi wa KFF Health News na Cox Media Group ambao uchunguzi wao wa mwaka huo ndio ulioamsha mjadala, zilionyesha kwamba idadi ilipita milioni 2.

Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa mamlaka hiyo ilieleza mwaka 2024 kwamba kati ya mwaka wa fedha 2015 na 2022 malipo yasiyo sahihi, mengi yakiwa yaliyozidi, yalikaribia dola bilioni 72, ambazo ni chini ya asilimia 1 ya mafao yote yaliyotolewa katika kipindi hicho, na kwamba mwishoni mwa mwaka wa fedha 2023 deni lililokuwa halijakusanywa lilifikia dola bilioni 23. Kwa hazina ya taifa hiyo ni sehemu ndogo. Kwa mjane, mzee au mtu mwenye ulemavu anayeambiwa arudishe maelfu ya dola, ni mwaka mzima wa maisha, na pengine zaidi.

Deni linavyozaliwa

Mamlaka hiyo, ambayo chimbuko lake ni Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935, huendesha mipango ya aina mbili ambayo haina budi kutofautishwa. Wa kwanza ni wa bima: mfanyakazi huchangia kwa makato ya mshahara, na baadaye yeye mwenyewe au wategemezi wake hulipwa mafao ya uzeeni, ya kufiwa au ya ulemavu. Wa pili, unaojulikana kwa kifupisho cha SSI na ulioanza kulipa Januari 1974, ni wa posho kwa wazee, wasioona na watu wenye ulemavu ambao kipato na mali zao ni kidogo mno. Huu hauhitaji mchango wowote wa awali, na fedha zake hutoka katika hazina kuu ya serikali.

Posho ya SSI, ambayo kiwango chake cha juu cha serikali kuu kilikuwa dola 967 kwa mwezi mwaka 2025, hupimwa mwezi kwa mwezi. Dola 20 za kwanza za karibu kila aina ya kipato hazihesabiwi, wala dola 65 za kwanza za mshahara, na nusu ya mshahara unaobaki ndiyo inayopunguzwa kwenye posho; viwango hivyo viwili havijabadilika tangu mpango uanze, ingawa bei za vitu zimepanda mara nyingi. Mali, yaani akiba ya benki na vitu vinavyoweza kugeuzwa fedha, isipokuwa nyumba anayoishi mpokeaji na gari moja, haipaswi kuzidi dola 2,000 kwa mtu mmoja au dola 3,000 kwa wanandoa, na mipaka hiyo haijasogezwa tangu 1989. Hadi Septemba 2024, hata chakula alichopewa mpokeaji na ndugu zake kiliweza kumpunguzia posho.

Mfano wa hesabu, usiomhusu mtu yeyote mahususi, unaonyesha jinsi deni linavyokua. Mpokeaji aliyepata kibarua cha mshahara wa dola 485 kwa mwezi huondolewa kwanza dola 20, kisha dola 65, zikabaki dola 400, ambazo nusu yake, dola 200, ndiyo inayopaswa kupungua kwenye posho. Ofisi isipoingiza mshahara huo katika hesabu zake kwa miaka mitatu, posho itaendelea kulipwa kamili, na siku hesabu zitakapofanywa deni litakuwa dola 7,200. Akikatwa dola 90 kila mwezi, mdaiwa huyo atamaliza kulipa baada ya miezi 80, yaani karibu miaka saba, kwa jambo ambalo lingeweza kurekebishwa katika mwezi wa kwanza au wa pili.

> Kosa la dola 200 kwa mwezi si kubwa. Linaloligeuza kuwa dola 7,200 ni miaka mitatu ya ofisi kutolitazama.

Mpokeaji wa SSI anatakiwa kutoa taarifa ya badiliko la kipato, mali au makazi si zaidi ya siku 10 baada ya kwisha kwa mwezi ambao badiliko hilo lilitokea. Wapo wasiotoa taarifa, baadhi kwa kutojua na wachache kwa kusudi. Lakini wapo pia wanaopeleka hati za mshahara kila mwezi, kwa posta, kwa faksi au kwa mkono, na hati hizo zikakaa bila kuingizwa kwenye kumbukumbu, kwa sababu ofisi ina watumishi wachache kuliko kazi iliyopo. Mwaka 2025 mamlaka ilitangaza nia ya kupunguza watumishi wake kutoka 57,000 hadi 50,000, huku idadi ya wanaolipwa mafao ya kila aina ikiwa inapita milioni 70.

Katika bima ya ulemavu hesabu ni kali zaidi. Mpokeaji huruhusiwa kujaribu kazi kwa miezi 9 bila kupoteza fao, na baada ya hapo huwa na miezi michache ya neema. Lakini muda huo ukishapita, kila mwezi ambao kipato chake kinazidi kiwango kilichowekwa, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 1,620 kwa asiye kipofu, hupoteza fao lote la mwezi huo, si sehemu yake tu. Ndiyo maana mtu mwenye ulemavu aliyejitahidi kurudi kazini, jambo ambalo sera yenyewe inasema inalitaka, anaweza kupokea miaka kadhaa baadaye dai la makumi ya maelfu ya dola.

Hoja za anayedai

Upande wa mamlaka una hoja ambazo haziwezi kupuuzwa. Sheria inaiamuru, wala haiiachii hiari, kurejesha kilicholipwa kupita stahili, na fedha hizo ni za wachangiaji wote. Ripoti ya wadhamini wa mifuko ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2025 ilikadiria kwamba akiba ya mfuko wa mafao ya uzeeni na ya kufiwa itakwisha mwaka 2033, na kwamba kuanzia hapo makusanyo ya kila mwaka hayatatosha kulipa mafao kamili. Katika hali hiyo, wanaotetea ukusanyaji mkali husema kwamba kila dola inayoachwa kwa aliyelipwa kimakosa inatoka kwenye fao la mwingine anayestahili.

Hoja nyingine ni ya usawa: ikiwa majirani wawili wana kipato kilekile, na mmoja alilipwa sawasawa ilhali mwenzake alilipwa zaidi, basi kumwachia huyo wa pili ni kumpendelea. Kuna pia hofu kwamba msamaha ukiwa rahisi, watu wataacha kutoa taarifa.

Wanaotetea wadaiwa, wakiwemo mawakili wa msaada wa kisheria na baadhi ya wabunge wa vyama vyote viwili, hawakatai wajibu wa kurejesha fedha kwa jumla. Wanachokataa ni kumtendea aliyekosewa hesabu kama aliyeiba, na kumkata mtu ambaye hana kipato kingine zaidi ya kile kinachokatwa. Hoja yao ina uzito kuliko ule inaopewa. Jirani aliyelipwa zaidi hakupata utajiri, kwa kuwa nyongeza ile iliingia katika bajeti ya mwezi na kuliwa mwezi huohuo, na uamuzi wake wa kupanga nyumba fulani, kukubali saa fulani za kazi au kumsaidia mtoto shuleni ulitegemea takwimu alizopewa na serikali yenyewe.

Kutoka 100 hadi 10, kisha 50

Kwa miaka mingi mamlaka ilikuwa na desturi ya kukata asilimia 100 ya fao la mdaiwa katika mpango wa bima hadi deni liishe, isipokuwa mwenyewe aombe kupunguziwa. Maana yake ni kwamba mzee aliyekuwa akitegemea fao la uzeeni kulipia nyumba angeweza kufika siku ya malipo akakuta akaunti haina kitu. Kwa wapokeaji wa SSI sheria ilikwisha kuweka kizuizi, kwa kuwa kwa kawaida makato yao hayapaswi kuzidi asilimia 10 ya kipato cha mwezi.

Martin O'Malley, gavana wa zamani wa Maryland aliyeshika ukamishna mwishoni mwa 2023, aliibadili desturi hiyo Machi 2024. Makato ya kawaida yalishushwa hadi asilimia 10 ya fao, au dola 10 kama asilimia hiyo ni ndogo kuliko hapo. Muda wa kulipa kwa awamu bila kuchunguzwa kwa kina uliongezwa kutoka miezi 36 hadi 60. Na mzigo wa kuthibitisha kwamba mpokeaji ndiye aliyesababisha kosa ukahamishiwa kwa mamlaka. Mbele ya kamati ya Seneti, kamishna huyo aliyaita makato ya awali kuwa ni ukatili.

Mwaka mmoja haukutimia kabla ya mambo kugeuka. Machi 2025 uongozi mpya wa mamlaka ulitangaza kurudi kwa makato ya asilimia 100 kwa madeni mapya ya mpango wa bima, ukitaja makadirio ya mtakwimu bima mkuu wake kwamba hatua hiyo ingeokoa takriban dola bilioni 7 katika miaka kumi, na mwishoni mwa Aprili, baada ya malalamiko mengi, kiwango kikawekwa asilimia 50. Wapokeaji wa SSI walibaki kwenye asilimia 10.

Dola bilioni 7 katika miaka kumi ni wastani wa dola milioni 700 kwa mwaka, katika mfumo unaolipa takriban dola trilioni 1.5 kila mwaka. Mfuko hauwezi kuokolewa na kiasi hicho, ilhali kukata nusu ya fao la mtu asiye na akiba kunaweza kumtoa kwenye nyumba ndani ya miezi miwili.

Msamaha uliomo ndani ya sheria

Jambo ambalo wadaiwa wengi hawalijui ni kwamba huruma haikuachwa kwenye moyo wa afisa, bali imeandikwa katika sheria yenyewe. Deni linaweza kufutwa pale mambo mawili yanapotimia kwa pamoja. La kwanza ni kwamba mdaiwa hana kosa katika kutokea kwa malipo yaliyozidi. La pili ni kwamba kumdai kungeharibu lengo lenyewe la mafao, yaani kungemnyima fedha za mahitaji ya kawaida ya maisha, au kungekuwa kinyume cha haki na dhamiri njema.

Maneno hayo ya mwisho yanaweza kuonekana mapana mno, lakini kanuni zimeyapa mfano. Mjane aliyepewa mafao yake na ya binti yake anampeleka binti katika shule ya kulipia, kwa kuwa fao la kila mwezi limeliwezesha jambo hilo. Baada ya karibu mwaka mmoja inabainika kwamba marehemu hakuwa amechangia vya kutosha, kwa hiyo malipo yote yalikuwa makosa. Kanuni zinasema kumdai mjane huyo si haki, kwa sababu alijiingiza katika gharama ambayo asingeibeba laiti asingeahidiwa fao, na sasa yuko katika hali mbaya kuliko angekuwa kama asingelipwa kitu kabisa. Katika njia hiyo ya haki na dhamiri njema, swali halihusu tena kama mdaiwa ana fedha za kulipa. Swali ni nini alikifanya kwa kuiamini serikali.

Kuhusu kosa, kanuni zinataka afisa azingatie umri wa mdaiwa, uwezo wake wa kuelewa, maradhi au ulemavu wake, elimu yake, na ugumu wa lugha, ukiwemo ule wa kutokijua vizuri Kiingereza. Kipengele hicho kinawagusa moja kwa moja wazungumzaji wa Kiswahili waliopokelewa Marekani kama wakimbizi, hasa familia za Kikongo na Kirundi zilizoishi miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu mkoani Kigoma, kwa kuwa barua za mamlaka huandikwa kwa Kiingereza na Kihispania, na mzee anayelipwa SSI hulazimika kusomewa na mtoto au mjukuu ambaye naye huenda asielewe istilahi za kiofisi. Mamlaka inatakiwa kutoa mkalimani bila malipo kwa anayemwomba, naye mdaiwa ana haki ya kueleza kwamba hakuelewa alichotakiwa kuripoti.

> Kanuni zinamtaka afisa azingatie umri, maradhi, elimu na lugha ya mdaiwa kabla ya kusema kwamba alikosa.

Haki ya kusikilizwa nayo iliamuliwa zamani. Mwaka 1979, katika shauri la Califano dhidi ya Yamasaki, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba anayeomba msamaha wa deni katika mpango wa bima ana haki ya kukutana na afisa ana kwa ana na kujieleza kwa mdomo kabla ya kuanza kukatwa. Mahakama iliona kwamba suala la kosa na nia njema ni suala la kuaminika kwa mtu, ambalo haliwezi kupimwa kwa makaratasi pekee. Kwa yule anayepinga hesabu bila kuomba msamaha, ulazima wa kikao hicho haukuwekwa, kwa kuwa hesabu hukaguliwa kwa nyaraka.

Kasoro kubwa iko hapa. Deni humfikia kila mdaiwa bila kuliomba, ilhali msamaha humfikia yule tu aliyejua kwamba upo, akapata fomu, akaijaza na kuiwasilisha mapema. Mtu mwenye elimu, simu nzuri na wakili hupata kile ambacho sheria ilikusudia kwa aliye dhaifu.

Watoto walipodaiwa ya wazazi

Ukali wa mfumo ulifika mbali zaidi kabla ya 2014. Sheria ya mwaka 2008 iliondoa kikomo cha miaka kumi katika kukusanya madeni ya serikali kuu kwa njia ya kuzuia marejesho ya kodi, yaani fedha ambazo mlipa kodi hurudishiwa mwishoni mwa mwaka kwa kukatwa zaidi. Kuanzia hapo watu wazima walianza kukuta marejesho yao yamechukuliwa kufidia mafao yaliyodaiwa kulipwa zaidi kwa mzazi miongo kadhaa nyuma, wakati wao walikuwa watoto wadogo. Wengi hawakuwa wamewahi kupata barua yoyote. Aprili 2014, baada ya gazeti la Washington Post kuliandika jambo hilo, Kaimu Kamishna Carolyn Colvin alisimamisha ukusanyaji wa aina hiyo kwa madeni yaliyozidi miaka kumi.

Yaliyotokea Australia na Uingereza

Marekani haiko peke yake, na kinachotokea pale mashine inapoachiwa kudai kilionekana wazi nchini Australia. Katika mpango uliokuja kuitwa Robodebt, ulioenea kuanzia 2016, kompyuta zilichukua kipato cha mwaka mzima kilichoandikwa na ofisi ya kodi, zikakigawa sawasawa kwa vipindi 26 vya wiki mbili mbili, kisha zikakilinganisha na kile ambacho mpokeaji alikuwa ameripoti. Mwanafunzi aliyefanya kazi wakati wa likizo pekee, au kibarua aliyekosa kazi miezi minne, alionekana kana kwamba alipata mshahara mwaka mzima akauficha, na akatakiwa yeye kuthibitisha kwa hati za miaka ya nyuma kwamba haikuwa hivyo.

Novemba 2019 Mahakama ya Shirikisho ilitangaza, kwa maafikiano ya pande zote, kwamba deni lililohesabiwa kwa njia hiyo katika shauri lililokuwa mbele yake halikuwa halali, na mwaka uliofuata serikali ikakubali kurejesha fedha kwa mamia ya maelfu ya watu. Tume ya Kifalme iliyoongozwa na Catherine Holmes ilitoa ripoti yake Julai 2023, baada ya kusikiliza pia ushahidi wa akina mama waliopoteza vijana wao waliojiua baada ya kudaiwa. Baada ya ushahidi wa namna hiyo, hakuna afisa anayeweza kusema kwamba barua ya madai ni karatasi tu.

Uingereza ilipata fedheha yake kupitia posho ya walezi, ambayo hulipwa anayemhudumia mgonjwa au mtu mwenye ulemavu kwa saa zisizopungua 35 kwa wiki. Mwaka wa fedha 2024/25 posho hiyo ilikuwa pauni 81.90 kwa wiki, na mlezi hakuruhusiwa kupata kwa kazi nyingine zaidi ya pauni 151. Akizidisha pauni 1, alipoteza posho yote ya wiki. Wizara husika ilikuwa ikipokea taarifa za mishahara kutoka mamlaka ya kodi lakini haikuzifuatilia zote, hivyo madeni yakaachwa yakue hadi maelfu ya pauni. Mapitio huru yaliyoongozwa na Liz Sayce, yaliyotolewa Novemba 2025, yalifungua njia ya kukaguliwa upya kwa madai ya nyuma. Kabla ya hapo, Aprili 2025, serikali ilikuwa imepandisha kikomo cha kipato hadi pauni 196, na katika posho nyingine kuu ya nchi hiyo ikapunguza kiwango cha juu cha makato ya madeni kutoka asilimia 25 ya posho ya msingi hadi 15.

Dawa inayojulikana

Nchini Marekani na Uingereza tatizo kubwa lilikuwa umbali kati ya siku kipato kilipobadilika na siku ofisi ilipokiona. Bunge la Marekani liliipa mamlaka tangu 2015 idhini ya kupokea taarifa za mishahara moja kwa moja kutoka kwa kampuni zinazotunza malipo ya waajiri, lakini kanuni za mwisho za kutekeleza idhini hiyo zilitoka mwishoni mwa 2024. Katika miaka tisa hiyo mamilioni ya madai yalitumwa. Mfumo huo ukifanya kazi vizuri, mshahara utaonekana karibu na mwezi uliopatikana. Ukitumiwa bila jicho la binadamu, unaweza kurudia makosa ya Australia, kwa kuwa kompyuta huweza kuchanganya wafanyakazi wawili au kusoma malipo ya likizo kama kipato cha mwezi mmoja.

Kuhusu mipaka ya mali, muswada wa kuipandisha hadi dola 10,000 kwa mtu mmoja na dola 20,000 kwa wanandoa umewasilishwa zaidi ya mara moja na wabunge wa vyama vyote viwili bila kupitishwa. Mpaka wa sasa humfanya maskini aogope kuweka akiba ya jeneza la mzazi wake, na akiba hiyohiyo ndiyo ingemsaidia siku ya kudaiwa.

Anapodaiwa asiye nacho

Kwa anayepokea barua ya madai wakati hana mbele wala nyuma, kosa linaloumiza kuliko yote ni kuiweka barua hiyo pembeni kwa hofu. Sheria inampa njia tatu tofauti, na zinaweza kutumika kwa pamoja. Anayeona kwamba hesabu si sahihi, au kwamba hakulipwa zaidi kabisa, huomba uamuzi upitiwe upya kwa fomu ya SSA-561, ndani ya siku 60 tangu apate barua, ambayo huchukuliwa kuwa imefika siku 5 baada ya tarehe yake. Anayekubali kwamba alilipwa zaidi lakini hakukosa, na hana uwezo wa kulipa, huomba msamaha kwa fomu ya SSA-632. Anayeweza kulipa lakini kidogo kidogo huomba kupunguziwa makato kwa fomu ya SSA-634.

> Kuomba msamaha si kukiri kosa, na hakumzuii mdaiwa kupinga hesabu wakati huohuo.

Muda ni muhimu kuliko ufasaha wa maelezo. Kwa utaratibu wa miaka mingi, ombi la mapitio au la msamaha likiwasilishwa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya barua, makato hayaanzi hadi litakapoamuliwa, na fao huendelea kulipwa kama kawaida. Kwa hiyo fomu iliyojazwa kwa mkono na kufika mapema ni bora kuliko iliyoandikwa vizuri na kuchelewa, kwani vielelezo vinaweza kuongezwa baadaye. Nakala yenye muhuri wa ofisi, au risiti ya posta au ya faksi, haina budi kutunzwa, kwa sababu ofisi iliyopoteza hati za mshahara inaweza kupoteza na fomu ya msamaha.

Fomu ya msamaha huuliza kipato na matumizi ya kaya kwa undani: kodi, maji, umeme, chakula, nauli, dawa, mikopo. Wengi huandika pungufu kwa aibu ya kuonekana wanatumia fedha nyingi, wakakuta wameonekana wana ziada ambayo hawana. Matumizi halisi ndiyo yanayotakiwa, yakiambatana na bili na risiti. Anayedaiwa katika mpango wa bima huku akilipwa SSI, au msaada mwingine wa fedha unaotolewa kwa kupima umaskini, huchukuliwa kwa kawaida kuwa ametimiza sharti la kutokuwa na uwezo, na hubaki kueleza tu kwamba hakukosa. Deni lisilozidi dola 2,000 laweza hata kushughulikiwa kwa simu.

Ofisi za msaada wa kisheria, nyingi zikifadhiliwa kupitia Shirika la Huduma za Kisheria lililoundwa na Bunge mwaka 1974, hushughulikia mashauri ya aina hii bila malipo, na wakili anaweza kudai jalada la malipo, kuhudhuria kikao cha ana kwa ana pamoja na mdaiwa, au kushauri kama kufilisika kisheria kunafaa, kwa kuwa deni la mafao lisilo la udanganyifu laweza kufutwa kwa njia hiyo. Wakati huohuo tahadhari ni ya lazima, maana matapeli hujifanya maafisa na kudai malipo kwa kadi za zawadi au kwa kutuma fedha papo hapo, jambo ambalo mamlaka halisi haifanyi.

Tofauti na ombi la mapitio, ombi la msamaha halina ukomo wa muda. Mtu ambaye makato yake yalianza mwaka jana anaweza kuliwasilisha sasa, na hata aliyekwisha kulipa deni lote, kwa kukatwa fao au kwa kuzuiwa marejesho ya kodi, anaweza bado kuomba. Na ombi likikubaliwa, kilichokatwa kinaweza kurejeshwa kwake.